Telluride na Crested Butte Kabla ya Theluji
Miji hii miwili ya Colorado, Marekani, iliyoanza kwa uchimbaji madini na sasa hutegemea watelezaji wa theluji, hunivutia zaidi wakati wa vuli, majani ya miti yanapogeuka manjano. Telluride huandaa tamasha la filamu, lililoanzishwa mwaka 1974, Agosti inapoishia na Septemba kuanza, ila majani ya miti ya aspeni huwa bado ya kijani. Crested Butte husubiri usiku na mchana vikaribie kulingana, ndipo wakazi husherehekea Vinotok, sherehe ya mavuno yenye asili ya wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, ambapo manung'uniko yao, yaliyoandikwa kwenye vikaratasi, huteketezwa pamoja na sanamu iitwayo Grump, yaani mnung'unikaji. Mimi ningechagua moto huo, na kesho yake nipite Kebler Pass, njia ya milimani iliyo karibu, katikati ya misitu iliyogeuka manjano.