Donati Mwanza: ununue bekari ya mtaani au zile za maduka yenye matawi?

Jamani wana Mwanza, naulizwa sana donati nzuri zinapatikana wapi, za ofisini, za bethdei ya mtoto, za kumpelekea mama mkwe Sengerema. Hili jambo nalijali kweli maana hela ya mtu inauma, so nawapangia ninavyoziona mimi.

Namba moja ni bekari ndogo inayochoma yenyewe palepale. Iwe Kirumba, Igoma au Nyegezi, ilimradi karai liko nyuma ya kaunta na unalisikia likichemka. Donati ya hamira ikishatoka kwenye mafuta muda wake ni mfupi, asubuhi ni laini, jioni sukari ya juu imeanza kutoa maji, kesho yake unakula mkate mtamu tu. Kwa hiyo kabla ya bei uliza "hizi zimechomwa saa ngapi?" Anayechoma mwenyewe anakujibu hapohapo, anayeletewa anageuka kumtafuta mwenzake.

Halafu iangalie ubavuni. Donati iliyoumuka vizuri ina mstari mweupe unaoizunguka katikati kama mkanda, kwa sababu ilikuwa nyepesi ikaelea, ikaiva chini ikageuzwa ikaiva juu, pale katikati mafuta hayakufika sana. Ukikosa huo mstari mara nyingi ndani utakuta nzito. Ibonyeze kidogo, inatakiwa irudi. Na kama inaacha doa kubwa kwenye tishu ujue mafuta hayakupata moto wa kutosha, inatakiwa nyuzi 180 hivi, chini ya hapo unga unayanywa.

Kwa sisi watu wa ziwani kuna kipimo kingine, nusa. Niliwahi kuoda donati ishirini za kikao sehemu moja, kufungua boksi harufu ya sato imejaa chumba kizima, yaani mafuta yaleyale ya samaki wa mchana. Watu walikunywa chai kavu. Iliniuma sana na tangu siku hiyo sitoi hela kabla sijanusa.

Namba mbili nampa mama wa maandazi, najua wengine watasema hiyo sio donati lakini kwa chai ya saa moja asubuhi mandazi la hiliki la moto linaishinda donati ya jana yenye chokleti, tena kwa hela ndogo. Ila oda kubwa mwambie jana yake, ukimvamia asubuhi unawanyima wateja wake wa kila siku.

Namba tatu ndio za matawi. Faida zao zipo, saizi zinalingana, boksi zuri, unapata hata usiku. Lakini jina peke yake halifanyi donati iwe laini. Krispy Kreme wenyewe, walioanza Marekani 1937, wanajulikana kwa taa nyekundu inayowashwa donati zikiwa zinatoka za moto, watu wanafuata ule umoto. Na matawi mengi ya kampuni za namna hiyo hayachomi chochote, yanaletewa kutoka jiko moja. Kwa hiyo hata ukiletewa boksi kutoka Dubai, shukuru, ila hiyo imeshalala.

Sasa za safari. Sengerema siku hizi sio shida, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe 2025 hukai tena foleni ya kivuko donati zikiiva mara ya pili kwenye gari. Usizifunge zikiwa za moto zitatoa jasho, ziache zipoe kwanza, na usiziweke kwenye friji, ndio zinakauka haraka zaidi. Za Ukerewe chukua zenye sukari kavu tu, za chokleti zinafika Nansio zimegandana na boksi.