Windows 11 kwenye laptopu za mtumba: nilivyoijaribu katika mashine mbili

Tangu Microsoft ilipositisha masasisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye laptopu za mtumba wamekuwa wakiniuliza kama mashine zao zitaimudu Windows 11. Nimeijaribu katika laptopu mbili za nyumbani, na iliyokubaliwa ndiyo iliyonitesa.

Laptopu hiyo ina prosesa ya Core i3 ya kizazi cha 8, RAM ya GB 4 na diski ya kawaida, ile inayozunguka. Ilipita ukaguzi bila pingamizi, kwani kwa upande wa Intel masharti huanzia kwa kawaida kizazi hicho, pamoja na RAM ya GB 4, nafasi ya GB 64 na TPM 2.0, yaani kifaa kidogo cha kutunzia funguo za usalama. Hata hivyo, kila nilipoiwasha, matumizi ya diski yalifika asilimia 100 kabla sijafungua faili lolote, na chai niliyoimimina wakati wa kuiwasha ilikuwa imepoa nilipoanza kuandika barua. Fundi alipoweka SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na kuongeza RAM hadi GB 8, mashine ileile ikawa nyepesi, na sasa naitumia kutwa nzima bila manung'uniko.

Ya pili, Core i5 ya kizazi cha 6 yenye SSD na RAM ya GB 8, ilikataliwa kwa sababu ya prosesa, ingawa nguvu inazo. Zipo njia za kulazimisha, lakini Microsoft haitoi uhakika wa masasisho kwa mashine za namna hiyo, nami siwezi kubahatisha na kompyuta inayotunza hesabu za duka. Nimeiwekea Linux Mint 22, mfumo endeshi wa bure unaochukua nafasi ya Windows, yenye mwonekano mwepesi uitwao Xfce, inayohudumiwa hadi 2029. Hesabu zinafunguka vizuri katika LibreOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, ila printa ilinichukua jioni nzima.

Anayekwenda kununua asome jina la prosesa kabla ya kutoa pesa: i5-8250U ni ya kizazi cha 8, i5-6300U ni ya 6. Na mashine ya kizazi kinachofaa ikikataliwa, aingie kwanza kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, kwa maana mara nyingine TPM imo, ila imezimwa.