Msumeno wa Kijapani au wa Kizungu? Kabla hujalipa, tazama ncha za meno

Mwaka jana nilinunua ryoba, ule msumeno wa Kijapani wenye meno pande zote mbili, upande mmoja wa kupasua, mwingine wa kukata. Kwenye paini ulipita kama kisu kwenye ndizi mbivu. Nikauhamishia kwenye mkongo, mbao ngumu, meno matatu yakakatika kabla sijafika katikati ya ubao. Nikachukua tupa ya pembe tatu ninoe yaliyobaki. Tupa ikateleza ikilia kama imegusa kioo. Na muuzaji alikuwa ameniapia: "Huu unanoleka, mama."

Watu dukani huuliza urefu, hukamata mpini, hugonga bapa wasikie linavyolia. Ncha za meno hakuna anayezitazama! Upeleke msumeno kwenye mwanga. Ukiona weusi wenye kibluu kwenye ncha, meno hayo yamekomazwa kwa umeme, tupa haiyashiki. Makali yakiisha, na msumeno umekwisha. Wajapani wanayo hayo, na Wazungu nao wanayo tele.

Kwangu wa kwanza ni Spear & Jackson wa Sheffield, Uingereza, kampuni ya tangu 1760, lakini ule wa mpini wa mbao wenye meno ya kunoleka. Naupenda, sifichi. Unakata kwa kusukuma, bapa lake ni nene, mninga hausumbui. Ukiwa butu naubana kwenye jiriwa kati ya vibao viwili, napitisha tupa jino moja naruka moja, kisha naugeuza namalizia yaliyobaki. Kesho yake unakata kama mpya.

Wa pili ni Gyokucho wa Japani, wenye bapa la kubadilisha. Unakata kwa kuvuta, ndiyo maana bapa linakuwa jembamba bila kupinda. Dozuki, ule msumeno wa Kijapani wenye mgongo wa chuma, hauna mpinzani kwenye viungo vidogo vya mbao. Ila kwao wanajengea sugi na hinoki, miti laini. Kwenye mninga vuta taratibu. Kama bapa la akiba halipatikani, uache.

Misumeno ya mpini wa plastiki ni ya mbao za kumwagia zege. Basi.

Kinachoniuma ni kuuziwa usionoleka kwa bei ya unaonoleka. Ukitaka kuvua kile kifuniko cha meno uangalie, muuzaji anakupokonya kana kwamba umekuja kuiba. Siku hizi navua kifuniko kwanza, bei tunaongea baadaye.