STC-1000 na nimonia ya chatu: uzoefu wangu wa kufuga Nyanda za Juu Kusini

Ukifuga chatu Iringa, Mbeya, Njombe au Makambako, adui wa mapafu yake ni usiku wa Juni hadi Agosti. Mchana jua linawaka na banda linapata joto kiasi, lakini alfajiri kipimajoto cha chumbani kinasoma nyuzi 12 au chini ya hapo. Nyoka hatengenezi joto la mwili la kumtosha. Akipoa, kinga yake nayo inalegea, na bakteria waliokuwa wakiishi mdomoni bila kumdhuru, hasa Pseudomonas na Aeromonas, wanashuka mapafuni. Ndiyo maana kifaa ninachokieleza hapa si dawa. Ni STC-1000, kidhibiti joto kilekile ambacho watotoleshaji wa vifaranga wanakifunga kwenye mashine zao. Kwangu ndicho kilichofanya dawa ianze kushika.

(Chatu anafugwa kwa kibali cha TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Usipokuwa nacho, hata daktari unamweka mahali pagumu.)

Kwanza uujue ugonjwa wenyewe, maana unajificha. Nyoka hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, hivyo hawezi kukohoa akatoa makohozi. Ute ukishaingia unabaki mlemle na kuwa mzito. Dalili ya mapema ni mlio mwembamba wa filimbi au mkoromo anapovuta pumzi, na kususa chakula. Baadaye utaona povu puani, ute wa nyuzi nyuzi pale unapomfungua mdomo taratibu, kisha kichwa kinainuliwa juu muda mrefu ili hewa ipite. Akishapumua mdomo wazi, umechelewa, na hiyo ni siku ya kumwona daktari, si siku ya kusubiri. Usichanganye na mlio wa kujivua gamba: macho yakiwa ya bluu na puani kuna ngozi iliyokauka, mlio huisha gamba likishatoka. Mlio unaobaki baada ya gamba kutoka ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo. Kagua pia utitiri, vidoa vyeusi vinavyotembea pembeni mwa macho na ndani ya chombo cha maji, kwa sababu unamdhoofisha na unaweza kuhamisha bakteria kutoka nyoka mmoja hadi mwingine.

Sasa kifaa. Nunua cha volti 220. Kuna vya volti 12 na 24 vinavyofanana sura kabisa, na ukikiunga kwenye umeme wa nyumbani kinaungua papo hapo. Nyuma kina vituo vinane: 1 na 2 ni umeme wa kukiwasha, 3 na 4 ni sensa, 5 na 6 ni swichi ya joto, 7 na 8 ni swichi ya baridi ambayo sisi hatuihitaji. Mafundi wengi hukosea kwenye 5 na 6. Vituo hivyo havitoi umeme. Ni swichi tupu. Lazima uvute kipande cha waya wa moto kutoka kituo cha 1 hadi cha 5, kisha 6 ndiyo iende kwenye taa, na waya wa pili wa taa urudi moja kwa moja kwenye nyutro. Usipofanya hivyo, kioo kinaonyesha kinapasha huku taa imelala. Swichi yake inabeba ampia 10, na balbu ya kauri ya wati 100 haifiki hata nusu ampia. Tumia balbu ya kauri isiyotoa mwanga, kwa sababu inabidi iwake usiku kucha, na holda yake iwe ya kauri pia. Ya plastiki itayeyuka. Izungushie kizimba cha wavu. Chatu atajiviringisha kwenye taa ya moto mpaka aungue bila kuondoka.

Kupanga: shikilia S sekunde tatu, F1 itatokea. F1 ni joto unalotaka, F2 ni tofauti, F3 ni ucheleweshaji wa kompresa ya friji, haikuhusu, na F4 ni marekebisho ya usomaji. Ukiweka F1 kuwa 29 na F2 kuwa 1, taa inawaka joto likishuka hadi 28 na kuzima likifika 29. Maliza kwa kubonyeza kitufe cha kuwashia ili kihifadhi, la sivyo kinarudi kilivyokuwa. Usiiamini sensa kabla ya kuipima: iingize kwenye barafu iliyopondwa na kuchanganywa na maji kidogo, koroga, isome 0. Ikisoma 1.2, weka F4 kuwa -1.2. Usijaribu kuipima kwa maji yanayochemka; huku juu yanachemka chini ya nyuzi 100.

Mahali pa sensa ndipo penye uhai wa nyoka. Ifunge upande wa baridi wa banda, kimo cha mgongo wake, mbali na chombo cha maji. Kwa mgonjwa mimi naweka 29 upande huo usiku na mchana, kisha nahakikisha kwa kipimajoto cha pili kwamba upande wa taa unasoma 32 au 33. Sensa ikianguka sakafuni au ikivutwa nje ya banda, kidhibiti kitaona baridi na taa haitazima. Hii ndiyo kasoro kubwa ya kifaa hiki, pamoja na swichi ya ndani ambayo ikizeeka inaweza kuganda ikiwa imewasha, taa isizime tena. Dawa yake ni bei rahisi: funga STC-1000 ya pili mfululizo na ya kwanza kwenye waya wa taa, sensa yake ikae upande wa moto, F1 iwe 36. Ya kwanza ikiganda, ya pili inakata. Kwa banda lenye chatu mgonjwa sioni sababu ya kuikwepa gharama hiyo.

Kwa nini joto lije kabla ya sindano? Kwa sababu ratiba ya dawa imejengwa juu yake. Seftazidimu, antibaiotiki ambayo madaktari wengi wa nyoka huanza nayo, hutolewa miligramu 20 kwa kila kilo kila baada ya saa 72, na hesabu hiyo inamhusu nyoka anayekaa karibu nyuzi 30. Akilala kwenye 15, dawa haitembei mwilini inavyotarajiwa na kinga haisaidii. Daktari wa mifugo ndiye wa kuandika dozi, ila ujue hesabu umsaidie: chupa ya gramu 1 ikichanganywa na mililita 10 za maji ya sindano inakuwa takribani miligramu 100 kwa mililita, hivyo chatu wa kilo 3 anahitaji miligramu 60, sawa na mililita 0.6. Chupa hutoa gesi ikichanganywa, iache itulie na itoe hewa kwanza. Sindano inachomwa kwenye misuli ya theluthi ya mbele ya mwili. Matibabu huchukua wiki tatu au zaidi. Kuacha kwa sababu povu limekauka ndiko kunakorudisha ugonjwa.

Duka la dawa za mifugo watakupa OTC 20% (oksitetrasaiklini) au jentamisini kwa haraka. Kataa zote mbili. Ya kwanza inaunguza misuli na haina nguvu kwa Pseudomonas. Ya pili inaharibu figo, hasa kwa nyoka aliyekaukiwa maji. Daktari akitaka kupima ute, TVLA, wakala wa maabara za veterinari, wana kituo Iringa, na chuo cha veterinari kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Dawa ikishindwa, fikirieni virusi vya chatu: hapo antibaiotiki haiponyi, na mgonjwa atengwe kabisa, vyombo vyake na mikono yako pia.

Usiwashe jiko la mkaa ndani ya chumba cha nyoka umeme unapokatika. Moshi unachoma mapafu yaliyokwisha jeruhiwa na hewa yake ya sumu inaua, wewe na yeye. Jaza chupa za maji ya moto, zizungushie taulo, funika banda kwa blanketi ukiacha matundu ya hewa.

Mgonjwa akipona, usimrudishe ghafla kwenye joto la kawaida. Shusha F1 nyuzi moja kila baada ya siku chache hadi 27, na usiku asikae chini ya 24 mpaka Septemba ipite.