Shule ndogo ya parokia huku Bukumbi, Mwanza, maoni yangu kama mzazi

Nyota nne natoa. Mwanangu yupo darasa la tatu, ni shule ndogo tu ya Kikatoliki, ukishuka Usagara unachukua boda, na kilichonivuta kuipeleka hela yangu pale ni historia ya eneo lenyewe maana Bukumbi ndo wamisionari wa Afrika (wale tunaowaita White Fathers) walifungua misheni 1883 baada ya kutoka Buganda, na kusoma kwa huku kwetu kukaanza na katekisimu, watu wanajifunza herufi ili wabatizwe. Baadae serikali ikataifisha shule kwa ile sheria ya elimu ya 1969, ndo maana wazee wengi huku watakwambia walisoma "shule ya misheni" wakati kwenye karatasi ilikuwa ya serikali.

Kiukweli walimu wanajali. Mwanangu alikuwa hasomi kabisa, saivi ananisomea hadi mabango ya dukani, mpaka nilitoa machozi siku ile! Na hawabagui, kuna watoto wa Kiislamu na wa wavuvi kabisa, ada unalipa kidogo kidogo msimu wa dagaa ukikubali.

Nyota moja nimekata kwa sababu ya madawati, wanabanana wanne wanne, na uji siku nyingine unachelewa mtoto anarudi na njaa. Hilo nimemwambia mwalimu mkuu, kanisikiliza vizuri. Nafasi za darasa la kwanza zinajaa mapema, wahini.