Mtaalamu niliyemfokea, na kwa nini bado naenda kwake

Kama unatafuta mtu wa kukupa mazoezi ya kufanya nyumbani, au wa kukuambia uachane na mwenzi wako ama uvumilie, kwa mama huyu utachoka mapema. Hatoi kazi za nyumbani na hashauri. Anafanya tiba ya mazungumzo na watu wazima, mmoja mmoja, katika ofisi yake binafsi, na anasema wazi kwamba anachofanyia kazi ni uhusiano unaojengeka kati yako na yeye mkiwa mmeketi pale.

Maelezo hayo niliyaona ni maneno ya biashara. Uhusiano gani na mtu ninayemlipa? Nikamuuliza hivyo hivyo kikao cha kwanza. Hakujitetea. Alisema swali hilo huenda likarudi mbele ya safari, na likirudi nisilimeze.

Sehemu kubwa ya kikao hicho ilikuwa makubaliano. Dakika 50, siku ileile na saa ileile kila wiki. Usipotokea bila kutoa taarifa mapema, unalipa. Unayosema ni siri, ila akiona maisha yako au ya mtu mwingine yako hatarini, au mtoto anaumizwa, hatakaa kimya. Kazi yake naye huipeleka kwa msimamizi, mtaalamu mwenzake, bila kutaja jina la mteja. Nilimuuliza amesomea nini na amesajiliwa wapi, akanionyesha bila kununa. Ulizeni, jamani. Kuna nchi nyingi ambako yeyote anaweza kujiita mshauri na sheria isimguse.

Chumba hakina makuu. Viti viwili vinavyofanana vimewekwa mshazari, msilazimike kukodoleana macho, na saa iko mahali ambapo nyote wawili mnaiona. Unapozungumza haandiki chochote.

Mimi ni kifungua mimba, mtu wa "hamna neno". Ndoa ilipovunjika nilisema hamna neno, usingizi ukapotea, nikaenda kwake. Wiki za mwanzo nilipiga hadithi nzuri kweli, akawa anacheka. Siku moja akaniambia: "Kila ukikaribia kulia unanichekesha, na mimi nacheka. Nadhani tunasaidiana kukimbia." Nilikasirika kidogo, maana ile hadithi ilikuwa bado haijafika patamu.

Kisha akakosea. Nina wadogo wawili, mmoja alishafariki, na katikati ya mazungumzo akachanganya majina yao. Nikasema hamna neno, tukaendelea. Wiki iliyofuata nilifika nimechelewa, nikaongea habari za kazini tu. Akanikatiza: "Nilikosea jina la mdogo wako. Ulisema hamna neno, lakini leo naona umekaa mbali na mimi." Nikakana. Akasubiri. Yule mama anajua kusubiri, ukimya wake unaweza kukutoa jasho. Mwishowe nikapaza sauti: "Mama, kwa pesa ninayokulipa, angalau wafu wangu uwakumbuke!"

Nilitegemea ama ajieleze kwamba ana wateja wengi, ama aombe radhi harakaharaka ili yaishe. Alisema: "Ndiyo. Nilikosea, na uliumia." Akanyamaza. Halafu akauliza nilidhani kitatokea nini baada ya kumfokea. Jibu nililikuta kwa marehemu baba, ambaye ukimkasirikia alikuwa anaacha kusema nawe siku nyingi, nyumba nzima inapita kwa kunyata. Mambo ya baba nilikuwa nimeshamsimulia, tena kwa ufasaha. Siku ile niliyasikia mwilini, huku mtu niliyemfokea ameketi palepale na bado anasema na mimi.

Baadaye nilisoma kidogo, nikakuta ugomvi wetu una wasomi wake. Sigmund Freud, daktari wa Vienna aliyeanzisha tiba ya uchanganuzi wa nafsi, ndiye aliyegundua kwamba mgonjwa humbebesha mtaalamu hisia alizokuwa nazo kwa watu wa zamani, na mwaka 1912 aliandika kwamba mtaalamu awe kama kioo, asionyeshe chochote cha kwake. Mkondo wa huyu mama ulishika kasi Marekani miaka ya 1980, kwa kazi za mwanasaikolojia Stephen Mitchell na wenzake, nao wanaona kwamba mtaalamu naye yumo ndani ya kinachotokea, apende asipende. Wanasaikolojia Jeremy Safran na Christopher Muran wamechunguza kwa miaka nyufa zinazotokea kati ya mteja na mtaalamu, na jinsi zinavyozibwa. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini aliirudia habari ya jina wakati mimi nilishaifunika. Kama mtaalamu wako hajawahi kukuuliza mnaendeleaje wewe na yeye, muulize wewe.

Kasoro zipo. Mwanzo ni wa polepole mno, na kuna siku unatoka umechafukwa kuliko ulivyoingia. Hilo angelisema mapema. Ujumbe kati ya vikao anajibu ule wa kupanga muda tu. Vikao vya mtandaoni anafanya inapobidi, ila sauti ikikatika kwenye ukimya hujui kama anakusubiri au ametoweka. Dawa haandiki, na usiku hapatikani, kwa hiyo mtu aliye katika hali ya hatari aende hospitali, asisubiri kikao. Na ada ya kila wiki bila tarehe ya mwisho inauma. Tunapitia maendeleo kila baada ya miezi kadhaa, lakini nilipouliza tutamaliza lini alijibu kwamba tutaujua mwisho kwa pamoja ukikaribia. Mtu anayepanga bajeti hawezi kufanya lolote na jibu hilo.

Usingizi umerudi, si wote. Juzi nilimwambia mdogo wangu aliyebaki kwamba maneno yake yaliniumiza, akashtuka, tukaongea hadi usiku.

Nampa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya lile jibu la mwisho wa tiba, na nilimwambia kabisa kwamba nitaandika hivyo. Akauliza nimejisikiaje kumnyima. Nikamjibu nimejisikia vizuri sana.