Pikipiki ya zamani ya kufufua: ipi ununue kwanza, ipi uiache kwanza

Watu wengi wakitaka kununua pikipiki ya zamani ya kufufua wanaanza na bei, na mi naona hapo ndo pesa inapoanza kupotea. Ile ya bei ya kutupa inageuka kuwa ghali ukishaanza kutafuta tangi lenye mfuniko wake, vifuniko vya pembeni, ekzosi ya asili, fremu ya siti, swichi za mkononi, vitu ambavyo kiwanda kiliacha kuvitengeneza miaka mingi iliyopita. Injini ikiwa imechoka hiyo haitishi sana, pistoni, ringi, beringi na gasketi za modeli maarufu bado zinatengenezwa. Ila kifuniko cha plastiki cha modeli iliyouzwa kidogo halafu ikasahaulika, hicho utakitafuta mpaka uchoke.

Kwahiyo hapa nimezipanga kwa mambo matatu: spea zinapatikana au hazipatikani, mtu mwenye spana za kawaida anaweza kuimaliza mwenyewe au hawezi, na ikishakamilika inatembea vizuri au itabaki ya kuangalia tu. Uzuri wa sura nimeuweka nyuma makusudi kabisa.

Na kabla ya orodha kuna sheria moja inayozidi modeli yoyote: nunua iliyokamilika. Pikipiki mbaya, yenye kutu, haiwaki, lakini kila kitu kipo mahali pake, ni bora mara nyingi kuliko nzuri iliyofunguliwa ikawekwa kwenye maboksi. Muuzaji atakwambia "kila kitu kipo humo", na huenda anaamini hivyo kweli, lakini aliyeifungua hakupiga picha, nati zimechanganyika, vile vibushi na washa vidogo vimepotea, na we hujawahi kuiona ikiwa nzima hata ujue kinachokosekana.

1. Honda CG125

Hii ndo namba moja yangu kwa mtu anayeanza, na sioni ya kuishinda. Honda walianza kuiuza miaka ya katikati ya 1970 wakiwafikiria watu wanaotumia pikipiki kwa kazi kila siku na hawana muda wa matengenezo, ndo maana injini yake wakairudisha kwenye mfumo wa fito, yaani kemu (shafti inayofungua valvu) ipo chini karibu na krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na inazungushwa na gia, halafu fito mbili zinapanda juu kusukuma valvu. Hamna taimingi cheni ya kulegea, hamna tenshena (kikaza cheni) ya kubadilisha, na kichwa cha silinda unakifungua bila kuhangaika na mpangilio wa kemu. Silinda moja, kabureta moja, breki za drumu. Nafasi ya valvu unaiset kwa fila geji (vipande vyembamba vya kupimia nafasi), 0.08 mm injini ikiwa ya baridi, kazi ya nusu saa.

Kubwa zaidi ni kwamba injini hii imenakiliwa na viwanda vingi sana vya China, kwahiyo spea za ndani zipo karibu kila kona ya dunia. Hapo angalia kitu kimoja tu, nakala zinatofautiana, kuna za 125, 150 mpaka 200, na sio kila pistoni au klachi itakaa kwenye Honda ya zamani, we nenda na ile spea mbovu mkononi uipime kabla ya kulipa. Silinda ya asili ina kipenyo cha 56.5 mm na mwendo wa pistoni wa 49.5 mm, ikikaa kichwani itakusaidia sana.

Shida zake? Nyingi zimefanyishwa kazi ngumu bila kubadilishiwa oili, na haina filta ya karatasi, ina chujio la waya na kikombe kinachozunguka kukusanya uchafu, ukifungua ukakuta kimejaa tope gumu jua mwenye nayo hakujali. Matoleo ya mwanzo ni ya volti 6, taa zake hafifu, ya volti 12 ni bora ukiipata.

2. Honda C50, C70, C90 (familia ya Super Cub)

Ilianza 1958 na mwaka 2017 familia nzima ikapita pikipiki milioni 100, hamna chombo kingine cha injini kilichotengenezwa kwa wingi hivyo. Maana yake kwako ni spea. Kebo, kabureta, klachi, taa, hadi vile vikinga miguu vya plastiki vinauzwa vipya. Injini ni nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja anaitoa na kuibeba hadi mezani.

Kwa nini sio ya kwanza? Fremu. Imetengenezwa kwa bati lililobonyezwa, sio mabomba, na bati hilo linaoza kutokea ndani, hasa sehemu za chini na nyuma ambako tope na maji vinakaa. Ukinunua pita na bisibisi unagonga kidogo kidogo chini ya siti, sehemu ya betri, na pale mkono wa tairi la nyuma unaposhikwa. Sauti ikibadilika au rangi ikiwa imevimba, achana nayo, manake kuchomelea bati jembamba lililooza ni kazi ya mtu mwenye ujuzi wa welding kweli kweli. Ikiwa fremu ni safi basi we chukua, hata injini ikiwa imekufa. Kingine ni mwendo, C50 haikupeleki mbali, tafuta C90.

3. Yamaha DT125 au DT175, na ndugu zake tustroki za silinda moja

Hizi ni zile injini zinazochoma oili pamoja na petroli. Hazina valvu za juu, hazina kemu, kwahiyo ukifungua kichwa unakutana na pistoni moja kwa moja, na kuikarabati sehemu ya juu ni kuchonga silinda na kuweka pistoni ya oversaizi (kubwa kidogo kuliko ya asili) na ringi, imeisha. Kwa mtu anayetaka kujifunza injini inavyofanya kazi hamna mwalimu mzuri kama hii.

Hatari yake iko kwenye oili sili za krenki. Pikipiki ikikaa miaka zinakauka, zikivujisha hewa mchanganyiko unakuwa na petroli kidogo kuliko inavyotakiwa, injini inapandisha mzunguko yenyewe, inachemka na mwisho pistoni inashika. Watu wanabadilisha pistoni mara ya pili mara ya tatu bila kugusa zile sili, na kuzibadilisha kwenye nyingi ya hizi inabidi upasue krenki kesi (boksi la injini linaloshika krenki), kwahiyo hesabu hilo kwenye bajeti tangu mwanzo. Pampu ya oili (Yamaha wanaiita Autolube) ihakikishe inasukuma kweli kabla hujaiamini, kama huna uhakika changanya oili kwenye tangi mpaka uipime. Na kwa kuwa DT ni za porini, angalia kama fremu imepinda au imechomelewa, angalia rimu, angalia chini ya injini kama kuna sehemu imepasuka kwa kugonga mawe.

Yamaha RX100 ya India (1985 hadi 1996) ningeiweka hapa hapa ila bei zake zimepanda kwa mapenzi ya watu na zimejaa zenye spea za kuchanganya, unalipa jina.

4. Jawa 350 na MZ ETZ 250

Nazo ni tustroki, moja ya Czechoslovakia silinda mbili, nyingine ya Ujerumani Mashariki silinda moja, zimetengenezwa nzito na rahisi kueleweka. Pale ambapo ziliuzwa kwa wingi spea bado zipo na bei ni nzuri, ambapo hazikuuzwa utakuwa unaagiza kila kitu. Umeme wa Jawa unahitaji uvumilivu. Kama karibu yako yuko mtu anayezijua, zipandishe mpaka namba 2, kama hayupo ziache hapo hapo.

5. Silinda mbili za Honda na Yamaha: CB350, CX500, XS650

Hapa ndo tunaingia kwenye pikipiki kubwa za kusafiria na hapa ndo wengi wanavutwa na picha. Mi nasema ziwe za pili, baada ya kumaliza moja ya hizo za juu.

CB350 ya 1968 hadi 1973 ni nzuri mno, lakini kabureta zake mbili zina mipira ya ndani (diafram) ambayo ikichanika injini haipandi, na kemu inazunguka bila beringi za kubadilisha kwenye sehemu zake, kwahiyo iliyowahi kuendeshwa na oili kidogo inakuwa imekula alumini yenyewe. XS650 ina injini ya kiume kweli, sentimita za ujazo 653, spea zake zipo nyingi kwa sababu watu wa kukata na kuremba pikipiki wanaipenda, tatizo sababu hiyo hiyo imefanya zilizobaki nzima ziwe chache.

CX500 ndo nataka uisikilize vizuri. Inaonekana rahisi: inapozwa kwa maji, haina cheni ya nyuma ina shafti, na watu wanaidharau sura kwahiyo bei iko chini. Ila stata yake (koili zinazotengeneza umeme wa kuchaji, sio stata ya kuwashia) iko nyuma ya injini, ndani, na ikifa inabidi injini nzima itoke kwenye fremu. Kabla ya kununua weka mita kwenye betri, injini iwe kwenye kama mzunguko 4000, isome volti kati ya 13.5 na 14.5. Ikibaki 12 na haipandi, stata inaweza kuwa ndo shida, na bei ya kununua ishuke kulingana na kazi hiyo.

6. Silinda nne, kama CB750 na Suzuki GS

CB750 ya 1969 ilibadilisha dunia ya pikipiki, silinda nne, breki ya diski mbele, na ukiisikia ikiwa imeset vizuri utaelewa kwa nini watu wanaililia. Lakini ni kila kitu mara nne, kabureta nne za kusafisha na kulinganisha kwa geji za vakyumu, na ekzosi nne zinazooza. GS za Suzuki zina krenki ya beringi za rola ngumu sana, udhaifu wao ni mfumo wa kuchaji, tena unarekebishika. Kama umeshamaliza pikipiki moja na bado una hamu, GS ni chaguo la heshima na bei yake haijaenda wazimu kama ya CB.

Triumph na BSA za Uingereza sijazipa namba. Spea zake zinapatikana kuliko watu wanavyodhani, lakini bei ya kununulia sio ya mradi wa bei nafuu, na spana za milimita hazikai kwenye nati zake, unahitaji seti nyingine kabisa.

Ukifika kwa muuzaji

Anza na namba. Namba ya fremu isomeke, ifanane na kadi, isiwe imekwanguliwa wala kugongwa upya, na jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia au awe na maandishi ya kumuunganisha na mwenyewe. Hapa hakuna kubembelezana, bila karatasi hiyo ni rundo la spea na ulipe bei ya spea.

Halafu injini. Tia gia ya juu, sukuma mbele na nyuma, au kanyaga kiki taratibu. Ikizunguka, weka geji ya kompresheni, zungusha mkono wa mafuta hadi mwisho, piga kiki mpaka mshale uache kupanda. Fostroki nyingi (zile zenye valvu, zisizochoma oili na petroli) za kupozwa kwa hewa zikiwa nzima zinacheza kati ya psi 120 na 170, ikiwa chini ya 100 tia oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena: ikipanda ni ringi na silinda, isipopanda ni valvu. Isipozunguka kabisa usikimbie moja kwa moja, mara nyingi ni ringi zimeshikana na silinda kwa kutu, na oili ya kupenya ukiiacha siku kadhaa inaachia. Lakini muuzaji akisema "imeshika kidogo tu", we lipa kama vile injini haipo.

Fungua tangi umulike ndani na tochi. Kutu ya juu juu inatoka kwa siki au asidi ya sitriki, suuza na magadi, kausha haraka na upake oili. Tangi lenye matundu au lililojazwa gundi ya zamani inayobanduka ni kesi nyingine. Vuta usukani kushoto kulia usikie kama unakwama katikati, tingisha tairi la nyuma pembeni kwa pembeni, angalia kama mirija ya shoko ya mbele ina vidonda vya kutu pale inapoteleza, manake sili mpya hazitasaidia hapo.

Betri, matairi, cheni, kebo na mipira ya breki vikiwa vibovu visikutishe, hivyo unanunua vipya kwenye pikipiki yoyote ya zamani. Hata tairi lenye meno mengi lisome tarehe ubavuni, namba nne, wiki na mwaka, 1419 ni wiki ya 14 ya 2019. Ikiwa na namba tatu tu ilitengenezwa kabla ya 2000, itoe.

Na nunua bisibisi za JIS (kiwango cha Kijapani) kabla ya kugusa screw yoyote ya Mjapani. Zile alama za msalaba kwenye kesi za injini zinafanana na Phillips (bisibisi ya kawaida ya nyota) lakini sio, bisibisi ya kawaida inapanda juu na kula kichwa, na injini nyingi za zamani utakuta screw zimeshaharibiwa hivyo. Ikigoma tumia bisibisi ya kugonga na nyundo.

Kazi ukishaifikisha nyumbani ipange hivi: breki na matairi, kisha waya na chaji, kisha kabureta, kisha iwashe na uiendeshe hata ikiwa mbaya ya kuonea aibu, ujue gia zinaingia zote na klachi haitelezi. Rangi na kromu visubiri hadi hapo, kwa sababu ukipaka fremu kwanza halafu ukagundua gia ya tatu inaruka, injini inatoka tena na rangi yote mpya inakwanguliwa.